Jumamosi Tunazika Mgomba

Alhamisi, mchana. Busia.

Mvua imeanza saa saba na haina dalili ya kukatika. Cherehani iko mbele yangu, kitambaa cheupe kiko juu yake, nami nimeacha kushona ili niandike. Nisipoandika nitapiga kelele, na majirani zangu hapa ni wauza mahindi, hawana subira na mwanamke anayepiga kelele bila sababu wanayoiona.

Kitambaa ni sanda. Nashona sanda ya mtu ambaye hajafa.

Ngoja nianze vizuri. Mimi na mume wangu Owori tuna kiwanja Majanji, hatua chache kutoka ziwani. Wenzetu wana bahari, sisi tuna ziwa, linatutosha. Owori ni mwashi. Amewajengea watu nyumba pande zote mbili za mpaka, lakini sisi wenyewe tumebanana kwenye chumba kimoja nyuma ya ghala la nafaka, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka. Vumbi na moshi wa dizeli huingia hata mlango ukifungwa. Binti yetu Akoth ana miaka sita na anapumua kwa mluzi.

Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema tumtoe kwenye vumbi hili, na tusichelewe.

Tulimpeleka Majanji wiki moja kwa rafiki yangu, kifua kikatulia kabisa. Kurudi hapa, siku ya tatu tu, mluzi ule ule. Vyumba vya kupanga kule viko kando ya matanuri ya kukaushia samaki, kwa hiyo ni moshi juu ya moshi. Dawa ni kujenga. Matofali tumeshachoma, nguzo tunazo, na Owori amechora ramani nyuma ya kalenda, dirisha la Akoth likitazama maji. Mwaka wa tatu huu matofali yanaota majani.

Yanaota majani kwa sababu ya Othieno.

Othieno ni kaka mkubwa wa Owori. Kwa wakwe zangu, kijijini Mulanda, mdogo hajengi boma lake kabla ya mkubwa kujenga. Akithubutu, wanasema watoto wake ndio watakaolipa. Mkubwa akifa, njia imefunguka. Sasa, Othieno alitoweka miaka saba iliyopita, msimu ule baba yao alipofariki. Yeye, mzaliwa wa kwanza, hakuja kutupa hata konzi ya udongo kaburini. Aliyepotea hivyo huzikwa kwa mgomba. Unakatwa kwa kimo chake, unavishwa nguo zake, unafungwa sanda, unaliliwa kama mtu, na baada ya hapo ni marehemu mbele ya wote.

Mama mkwe alikataa miaka yote. Kila jioni alimwekea Othieno chakula pembeni na kukifunika. Nilimsema sana moyoni, naungama. Nilimwona bibi mkaidi anayemnyima mjukuu pumzi kwa ajili ya sahani ya kalo, ugali wa wimbi unaopoa bila mlaji.

Mwezi uliopita alikuja kulala kwetu siku mbili. Alimsikiliza Akoth akikohoa mpaka asubuhi. Akaamka, akajifunga leso, akamwambia Owori, "Nyinyi zika yeye. Huyu mtoto asikufe sababu mimi nangojea yule."

Owori alilia. Mimi nililia pia, kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mazishi ni Jumamosi.

Jumatatu nilikwenda Merikit kupeleka sare za shule nilizoshona. Nje ya kinu cha kusagia mahindi, mwanamume mmoja alitua gunia, akajipangusa unga usoni, tukatazamana. Amekonda na mgongo umepinda, lakini nilimjua papo hapo: Othieno. Ndiye aliyenipokea mzigo siku naolewa.

Na yeye alinijua. Hakukimbia.

"Shemeji," alisema, "mimi niko hapa tu. Sirudi. Ile kaburi ya mzee, mimi naiangalia na macho gani?"

Nilimwambia mama yake bado anamwekea chakula. Aliinamisha kichwa, akauliza, "Bado anaona vizuri?" Kisha akasema, "Wacha wazike hiyo mgomba. Nyinyi jengeni."

Nilipaswa kufurahi kwamba yu hai. Sikufurahi. Nilimtazama nikatamani awe amekufa kweli, kimyakimya, huko huko, ili binti yangu apate dirisha. Sijawahi kujiogopa kama nilivyojiogopa pale.

Halafu ndipo nikaliona shati alilovaa.

Shati la kijani. Kola niliigeuza mwenyewe ilipochakaa. Tundu la kifungo cha tatu lina uzi mweusi kwa sababu wa kijani uliniishia. Fundi hasahau mkono wake. Nilimshonea Owori, akaniambia mwaka jana kwamba liliibiwa kwenye kazi ya ujenzi. Nilimcheka, nikamwambia mwizi huyo ana macho mazuri.

Halikuibiwa, alimpa kaka yake. Owori anajua. Amejua mwaka mzima. Ameketi na wazee akaomba kaka yake azikwe, na machozi yale aliyolia mbele ya mama yake sijui niyaite nini.

Nimerudi nyumbani sijasema neno. Siku tatu tunalala kitanda kimoja, kila mtu na Othieno wake. Jana alipima kamba kwa ajili ya mgomba, akanishikisha upande mmoja. "Alinizidi kiganja," alisema bila kunitazama. Nikashika kamba.

Nimejaribu kujitetea. Othieno mwenyewe ameruhusu. Akoth atapumua. Nani anaumia? Halafu nawaza, kama ni kweli kwamba watoto ndio hulipa, kumzika aliye hai kutalipwa na nani? Siamini mambo hayo. Lakini nikimsikia Akoth akivuta pumzi, naamini kila kitu.

Asubuhi hii mama mkwe alipiga simu. Alisema amefua suruali ya zamani ya Othieno na kuipiga pasi. Kisha akauliza, "Mama Akoth, hiyo nguo umepima vizuri? Kijana yangu ni mrefu. Miguu isikae nje, atasikia baridi."

Nikamjibu, "Nimepima, mama."

Akanishukuru. Akasema Mungu anipe nyumba nzuri.

Tangu hapo sijaweza kukanyaga cherehani. Najua nikisema, hakuna mazishi, na Othieno asiporudi hakuna nyumba, matofali yatarudi kuwa udongo. Akoth amelala hapa nyuma yangu, nausikia mluzi wake katikati ya mvua. Ila siwezi kumwacha mama yule alie mbele ya mgomba huku watu wawili wamesimama pembeni yake wakijua.

Nimefumua mshono wa kwanza. Nafumua wa pili.

Owori anarudi saa kumi na moja. Kabla hajavua viatu nitamuuliza shati la kijani liko wapi.