Sumaku ya Kumi na Nane

Jumatatu, 4 Oktoba

Amekuja leo! Bwana Rennick, msajili wa timu mpya ya kisiwani kwetu. Kavuka bahari hadi Melbourne, kakaa jikoni kwangu, kala biskuti sita. Ndiyo desturi yao: kabla ya kumchukua mchezaji, hunywa chai na aliyemlea. Darcy nilimlea mimi tangu ana miaka minne.

Miaka hamsini na minane tangu niondoke Queenstown, kule kisiwani. Sikutegemea kuishi hadi kisiwa kipate timu ya ligi kuu. Na sasa inamtaka mjukuu wangu!

Nikamuuliza timu inaanzaje pasipo na kitu. Akakusanya sumaku zote za friji yangu – tufaha, pengwini, ile ya fundi bomba – akapanga mlangoni kikosi cha mpira wetu wa umbo la yai: wachezaji kumi na saba kati ya kumi na wanane.

“Hawa wote watoto, Mama. Miaka kumi na minane, kumi na tisa. Sheria inaturuhusu kuchagua kabla ya wengine. Vipaji vya kutisha! Lakini mwaka wa kwanza watapigwa kama ngoma.”

Katikati akaacha pengo.

“Hapa nataka mzee. Aruke kugombea mpira na majitu ya timu nyingine, apokee viwiko kwa niaba ya watoto.”

Mzee! Darcy ana thelathini na moja.

Sumaku ya kumi na nane, ya mnara wa taa, akanitia mkononi. Hiyo, kasema, si yake kuiweka.

Jumanne, 5 Oktoba

Darcy kaja na samaki na chipsi. Kaitazama friji, kacheka. Klabu yake ya hapa inampa mwaka mmoja zaidi, na mwakani huenda ikatwaa kombe. Kacheza miaka kumi na mmoja bila kombe. “Kule, Bibi, ni kufungwa tu kila wiki.”

Atajibu Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nataka aende. Nataka mno – ndiyo maana nimeapa kunyamaza. Goti litakaloumia ni lake, si langu.

Alhamisi, 7 Oktoba

Sumaku sijazigusa. Karatasi ya dawa zangu imekosa pa kubandikwa.

Gazetini kuna majina ya watoto wale. Mmoja wa Burnie, kulekule kisiwani, bado ana chunusi. Kisiwa kizima juu ya mabega yale!

Kaka yangu Athol alicheza Queenstown, kwenye uwanja wa changarawe, magoti yakichuruzika damu. Hakuna aliyekuja kunywa chai na mama yetu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Darcy alifika saa kumi. “Nabaki, Bibi. Nimeona hutaki niende.”

“Nani kasema?”

“Siku nne hujasema neno. Wewe! Unayemfokea refa wa kwenye runinga!”

Loo. Nikamwambia yote. Changarawe, Athol, mama, sumaku ya mnara niliyoachiwa, na kwamba nataka mno aende.

Saa kumi na dakika hamsini. Kasimama mbele ya friji, mgongo wake umeziba mwanga. Simu yake inaita hapa mezani, kando ya daftari. Haigusi. Kanyoosha kiganja nyuma, bila kugeuka.

“Bibi, ule mnara unao?”

Ninao. Uko mfukoni mwa aproni tangu Jumatatu –