Shati la Daktari Muiruri

Mau Narok,
Jumapili

Kwako Shangazi Rael,

Mguu unaendeleaje? Huku baridi imezidi na viazi vya jirani vinaozea shambani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Umeuliza kama ni mimi niliyemharibia Daktari Muiruri jina. Shangazi, alienda kwenye televisheni kama mkuu wa kituo chetu cha utafiti kutangaza ngano yetu isiyoshikwa na ugonjwa wa kutu, amevaa shati lenye picha za wanawake nusu uchi. Mwandishi wa habari akaniuliza nalionaje. Nikasema halifai kazini, basi. Watu wakamrukia mtandaoni, akaomba msamaha huku akilia, na sasa mchawi ni mimi. Kanisani naachiwa benchi zima. Ile ngano nimeilea tangu nikiwa mwanafunzi, na hakuna aliyeniuliza habari zake.

Jana wageni walikuja kuiona. Daktari alivaa suti, akawatajia kila mwanamume wa kituoni na cheo chake. Alipofika kwangu akasema, "Na huyu ni Joyline wetu. Joy, hebu waandalie wageni chai."

Wewe ulikuwepo siku nilipovishwa kofia ya udaktari pale chuo kikuu. Ulipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Shati alishalitupa, Shangazi. Chai bado napika mimi.

Mtoto wako,
Joyline