Mistari Mitatu Niliyoiruka

S.L.P. 417,
Kisumu.
2 Septemba, 1973.

Mpendwa Shemeji Obiero,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Pandpieri. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada Seline na vijana wenu wawili. Lile goti lako lililokuwa likikusumbua kila ukipanda ngazi huko bandarini, limepoa? Na joto la Mombasa, bado linamtoa Seline vipele shingoni? Mwambie nimemkumbuka.

Sisi hatujambo. Beldina yuko darasa la tano na sasa ananifika begani. Kitinda mimba wetu amepoteza meno mawili ya mbele, basi akitaka kucheka anaziba mdomo kwa mkono kama bibi harusi. Omena wamekuwa wengi ziwani siku hizi mpaka paka wa jirani wanachagua. Mimi bado nauza nyanya pale soko la Jubilee, na Oketch bado ni fundi wa mawe, kibarua leo kipo, kesho hakipo.

Unaona ninavyozunguka. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana. Kila nikifika hapa nakumbuka jambo jingine la kukusimulia kuhusu paka. Sasa nasema.

Shemeji, nimekukosea. Nimemkosea Baba yenu na nimemkosea Oketch pia, lakini wewe zaidi, kwa sababu nilichukua maneno yako nikayatupa, nikaweka yangu mahali pake. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, ingawa una haki ya kukasirika hata sasa.

Unajua tunavyoishi. Chumba kimoja, watu sita, shuka ya maua katikati. Beldina anakua, na mtoto wa kike wa umri huo hapaswi kuvaa nguo akiwa amejificha nyuma ya shuka. Mwenye nyumba alinisimamisha mlangoni mbele ya wapangaji wote akasema, "Mama Beldina, hawa watoto yako wanamaliza choo. Tafuta pahali ingine." Siku hiyo nilitamani ardhi inimeze. Na mume wangu anarudi jioni ana saruji kwenye nyusi, ametoka kupandisha ukuta wa mtu mwingine.

Basi mwaka jana wote tulitafuta. Tuliandikisha jina kwa nyumba za baraza la mji, karani akacheka kidogo alipoona namba yetu. Tulikwenda Ahero kuona kiwanja cha bei ya kutupa, na mimi nilikwisha anza kuchagua mahali pa jiko, ndipo nikaona kwenye ukuta wa jirani alama ya tope inayonifika kiunoni. Nikamuuliza muuzaji ni nini. Akasema, "Hiyo ni rangi tu, mama." Kule Manyatta tulimpata bwana mmoja mpole sana, ila kile kiwanja alikuwa amekwisha kuwauzia watu watatu kabla yetu.

Desemba tukampata mama mmoja mjane huko Nyalenda. Kipande kidogo, kimeinuka, maji hayasimami. Bei yake, kwa kujinyima, tuliiweza. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba atuone tumesimamisha nguzo kabla ya mvua za masika, la sivyo angempa mwenye duka aliyekuwa anamfuata kila Jumapili.

Tukaenda Bondo kumwambia Baba. Alifurahi, kisha akauliza kuhusu wewe. Nikamwambia Nyalenda ni mjini, mambo ya kutangulia na kufuatana ni ya boma la nyumbani. Akanijibu kwa upole kwamba nyumba ya kupanga ni ya mwenye kupangisha, haina neno. Lakini mtu akichimba shimo la nguzo kwenye udongo wake mwenyewe ameanza boma, na Oketch hawezi kuanza boma wakati kaka yake hajajenga. Labda wewe mwenyewe uwe umetamka kwamba umemruhusu. Oketch akainamisha kichwa. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwangu hayakuwa yamekwisha, na hapo ndipo penye aibu yangu.

Barua yako ya Januari ilifika kwenye sanduku letu juma lililofuata. Wewe umekuwa ukituandikia kwa Kiswahili miaka yote hii kwa ajili yangu, kwa sababu Baba na Oketch hawakusoma, nami, binti wa Samia, Kijaluo changu ni cha kuokoteza sokoni. Mimi ndiye macho yao. Ukiandika, mimi nasoma na kuwafasiria, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimesoma sawasawa.

Niliisoma kwanza peke yangu, nimesimama nje ya posta. Katikati ulikuwa umeandika mistari mitatu. Kwamba umekusanya mabati, yako kwa rafiki yako. Kwamba Desemba mwaka huu utachukua likizo, uje na Seline na watoto, ujenge nyumbani. Na kwamba tumwambie Baba asimpe mtu mahali pako. Nilihesabu miezi kwa vidole. Mjane wa Nyalenda asingengoja mpaka Desemba.

Jumamosi yake, mbele ya Baba na Oketch, nilisoma salamu zako zote vizuri. Nilipofika kwenye ile mistari mitatu nikairuka. Mahali pake nikasema umeandika hivi: "Oketch ajenge, asiningoje. Mimi nimekubali." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nikaendelea na habari za goti lako.

Oketch alinishika mkono kwa furaha. Baba akasema, "Haya. Kama amesema, amesema." Nilidhani ni baraka.

Tukajenga. Nguzo na udongo, saruji kidogo sakafuni, na mabati makuukuu kutoka duka lililobomolewa, matundu ya misumari tumeyaziba kwa lami. Vyumba viwili, Shemeji. Beldina alichora duara kwa chaki kwenye kona moja akatangaza kwamba hapo ni kwake. Baba akapanga kuja mwezi wa Agosti na jogoo na shoka, atufungulie boma kama inavyotakiwa. Na wewe ulipouliza katika barua ya Juni, Baba alisemaje aliposikia unakuja, nilikujibu kwamba amefurahi sana. Niliuandika uongo huo kwa mkono huu huu.

Julai nilikwenda Bondo kumsaidia Baba kuvuna mahindi. Unajua kwamba kila mwaka kabla ya masika yeye huezeka upya simba yako, kile kijumba chako cha ujana, ingawa ni miaka tisa hakuna anayelala humo. Safari hii nilikuta paa limeoza, limebonyea katikati, kuku wanaingia kwa juu. Zile nyasi alizokata kwa ajili yako alikuwa ameezekea zizi la ng'ombe.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwana wa kwanza haachi mahali pake kwa mdogo wake kama bado ana nia ya kurudi. Umepaacha, kwa hiyo umekwisha kuwa mtu wa Mombasa, na yeye hatakulaumu, kazi ni kazi. Alisema hivyo huku anapukuchua mahindi. Mikono yake haikusimama.

Shemeji, mimi nilifikiri nimeiba miezi kumi na moja tu. Sikujua kwamba nilikuwa nimemwambia mzee yule kwamba mwanawe harudi tena. Amekaa na neno hilo tangu Januari, peke yake, bila kumlaumu mtu yeyote. Nililia nyuma ya ghala, na hata machozi yenyewe niliyaonea haya.

Na bado sikusema. Nilirudi Kisumu nikauza nyanya kwa majuma kadhaa. Siku tatu kabla ya Baba kuja na jogoo, nilimwambia Oketch. Hakunipiga, hakupiga kelele. Alisema, "Nabwire, kila nguzo nilikuwa naweka nikimshukuru Obiero." Kisha akaenda Nyalenda akafunga mlango kwa kufuli.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Bondo, na Beldina akiwa nasi kwa kuwa shule zimefungwa. Nilipiga magoti nikaitoa barua yako ya Januari nikaisoma yote, neno kwa neno. Baba akaniambia nirudie ile mistari. Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya tatu akaomba karatasi, akauliza, "Ni hapa?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole gumba juu ya maandishi yako na kukaa hivyo kwa muda, yeye asiyejua herufi hata moja.

Halafu akaniambia, "Nyar Samia, umenizikia mtoto akiwa mzima." Laiti angenitukana.

Aliinuka akaenda moja kwa moja kwenye zizi, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono. Oketch akapanda juu ya simba yako, mimi nikawa nabeba mafungu kichwani. Tulifanya kazi mpaka Jumapili baada ya ibada. Ng'ombe sasa ndio wananyeshewa, na Baba anasema wao watavumilia.

Ufunguo wa Nyalenda uko kwa Baba, umetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake. Hatutawasha moto ndani ya nyumba ile kabla wewe hujajenga. Ukisema tuiuze, tutaiuza, na sitanung'unika. Nimemweleza Beldina sababu, kwa kuwa alikuwa akiuliza kila siku habari za kona yake. Aliniangalia sana, kisha akaenda kuteka maji.

Sikuombi ruhusa wala msamaha leo. Nakuomba jambo moja tu. Usiache kuja Desemba kwa sababu yangu. Hata kama hutaki kuniona, niambie, nitabaki Kisumu na nyanya zangu mpaka likizo yako iishe. Lakini Baba amekwisha kupima kwa hatua mahali pa nyumba yako, na amepiga vigingi vinne.

Msalimie sana Seline na umsomee barua hii yote, usimfiche kitu. Wasalimie vijana. Oketch anakusalimu, ingawa anasema hajui aanze na neno gani. Mungu akulinde kazini na njiani, na akufikishe nyumbani mikono yako ikiwa na nguvu ya kujenga.

Kabla hatujaondoka Bondo nilimwomba Baba anipe neno la kuweka mwisho. Akamwita Beldina alete daftari lake. Hakutaka niliandike mimi. Karatasi hiyo nimeiambatanisha kama ilivyotoka, sikuongeza wala kupunguza.

Ni mimi, mke wa ndugu yako, mwenye aibu na mwenye kukupenda,

Nabwire.

*

Baba mkubwa Obiero. Babu anasema niandike hivi. Mwanangu Obiero, simba yako haivuji. Babu anasema ni hayo tu. Ameniambia nimsomee mara mbili na nimemsomea. Beldina.