Mteja wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza chuoni. Miaka kumi na tisa ya uwakili, basi! Sasa mimi ni mshauri wa ajira, kitivo cha sheria. Wiki mbili za majaribio, kisha mkataba. Daktari kafurahi, presha itashuka. Mke wangu kasema nikirudia kesi nitafute na wa kunipikia.

Kaja binti mwenye miwani mikubwa. Anataka nafasi ya mafunzo kwenye Mahakama ya Rufaa. Ipo moja tu. Tumesaini fomu ya mteja, nikamfungulia faili. Raha iliyoje!

Jumanne, 4 Machi
Foleni mpaka kwenye ngazi! Wa pili naye anataka nafasi ileile. Nikamuuliza, nitakusaidiaje wewe na mpinzani wako ni mteja wangu? Mgongano wa maslahi huo. Wa tatu, ileile. Hadi saa sita nimerudisha thelathini na mmoja, kila mmoja na barua yake ya kukataliwa, yenye muhuri. Wakili hashiki pande mbili. Nimechoka ila roho safi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeitwa na mkuu wa kitivo. Mama mpole — leo wapi! Eti wanafunzi wako mia mbili, nami nina mmoja. Nikasimama, nikamwita Mheshimiwa, nikaomba kesi iahirishwe siku kumi na nne.

"Kaa chini, baba. Hapa si mahakamani."

Nafasi yangu inatangazwa upya. Nikiitaka, niombe kama wengine. Nyumbani sijasema neno. Mke kauliza mbona sili, nikasema nimeshiba. Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Tangazo limebandikwa mlangoni kwangu. Kwa gundi! Mwisho wa maombi Jumatano saa kumi. Nimeandika barua mara nne. Kila mara inaanza: "Mimi, mleta maombi, naapa na kueleza kama ifuatavyo."

Jumatano, 12 Machi
Hatimaye barua imekaa sawa. Mara hodi — binti wa miwani. Nafasi ya mahakamani haitaki tena.

"Mzee, mtu anakaa na faili moja wiki nzima! Kazi tamu hii. Nisaidie barua, niombe."

Nikamwambia siwezi, kuna mwombaji mwingine.

"Nani?"

"Mimi."

Akatoa ile fomu kwenye mkoba. "Lakini mzee, si mimi niliyetangulia?"

Katangulia. Nimejiandikia barua ya kukataliwa, nikaipiga muhuri, nikajikabidhi. Kisha tukakaa na ya kwake saa nzima. Imetoka nzuri kuliko yangu, inauma kusema.

Ameondoka nayo mbio kwa mkuu, jengo la pili. Naangalia mezani — ukurasa wa mwisho kausahau! Ndio wenye saini. Bila saini hawapokei. Saa kumi kasoro dakika nane. Barua yangu ya maombi iko mfukoni, imesainiwa. Nasikia viatu vyake vimefika uani. Nimefungua dirisha, nimevuta pumzi nimwite —