Chuma cha Wafli cha Moza na Mstari Uliokosekana

CHAMA CHA AKINA MAMA WAPISHI, MKUYUNI, MWANZA

Kumbukumbu za kikao cha saba cha mwaka huu, kilichofanyika Jumamosi tarehe 18 Novemba 1961, nyumbani kwa Mwenyekiti, kuanzia saa nane na nusu mchana.

WALIOHUDHURIA
1. Bi Sihaba Yunus – Mwenyekiti
2. Mama Apiyo Ogada – Makamu wa Mwenyekiti
3. Bi Mwanaheri Makame – Mtunza vyombo
4. Getruda Josephat – Katibu (alifika wa kwanza)
5. Moza Abeid – Mjumbe (alichelewa, alivaa kanga mpya)

ASIYEHUDHURIA
Odeta Ngosha – kwa udhuru. Amejifungua mtoto wa kike.

KUMB. NA. 1/7/61: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kukumbusha kwamba zimebaki wiki tatu tu kufikia siku ya Uhuru, na kwamba chama kimepewa meza moja uwanjani ya kulisha wageni. Moza aliingia wakati huo akiwa amebeba kile chuma chake cha mikate, akawaamkia wajumbe wote. Kwa Katibu alisema, "Shikamoo, Dada Getruda." Katibu aliitikia, kama inavyompasa mtu.

Mwenyekiti alichungulia daftari na kuagiza maneno kuhusu kanga yafutwe. Katibu alieleza kwamba wino umeshakauka.

KUMB. NA. 2/7/61: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA

Katibu alisoma kumbukumbu za tarehe 4 Novemba, ambapo Moza aliwafundisha wajumbe kupika mikate ya vishimo yenye jibini katikati, kwa chuma cha mabamba mawili alichopewa na mke wa Mzungu mnunuzi wa pamba alipohama mtaa wa Isamilo mwezi wa Agosti. Mikate hiyo yule Bibi alikuwa akiiita wafli. Ifahamike kwamba katika nyumba hiyo Moza alifanya kazi miaka miwili. Katibu alifanya kazi miaka tisa, akapewa mapazia.

Kumbukumbu zilisomeka hivi: "Unga wa ngano vikombe viwili, mayai mawili, maziwa, hamira na chumvi kidogo. Chuma kipashwe moto juu ya jiko la mkaa. Uji wa unga umiminwe na chuma kifungwe. Mkate ukiiva utolewe, upikwe wa pili. Jibini la kopo liwekwe katikati ya mikate miwili, na vyote virudishwe kwenye chuma mpaka jibini liyeyuke. Mjumbe aliendelea kueleza mambo mengine. Wajumbe walionja."

Kabla Mwenyekiti hajauliza kama zithibitishwe, Mama Apiyo alisimama na kusema hazithibitishi, na hatazithibitisha hata akiitwa na polisi.

KUMB. NA. 3/7/61: MALALAMIKO YA MAKAMU

Mama Apiyo alieleza kwamba Jumapili iliyopita alitembelewa na watu kutoka Shirati waliokuja kumposa binti yake. Kwa kuwa walikuwa watu wa heshima, aliazima chuma kwa Moza, na kwa kuwa hana kichwa cha kukumbuka kila kitu, aliazima pia daftari kwa Katibu. Alifuata maandishi neno kwa neno. Mkate wa kwanza uliganda. Wa pili uliganda juu ya wa kwanza. Alipojaribu kufungua chuma, nusu ya mkate ilibaki juu na nusu chini, na jibini likaungua katikati mpaka moshi ukawafikia wageni sebuleni. Wageni walikunywa chai bila kitafunwa, wakaaga mapema. Majibu ya posa hayajaja mpaka leo.

Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema: "Nimekwangua chuma kwa kisu siku mbili! Jirani ananiuliza, we Apiyo, siku hizi unafanya kazi ya mhunzi? Mkwe mtarajiwa ameondoka na njaa, na kitabu kinasema pika hivi. Nani aliandika hiki kitabu?"

Katibu alieleza kwamba kitabu kiliandikwa na Katibu.

Moza aliulizwa kama aliwaficha wajumbe jambo lolote. Alijibu kwamba hakuficha. Siku ile alisema wazi kwamba chuma lazima kipakwe samli pande zote mbili, kwenye kila kishimo, kabla ya kila mkate. Bi Mwanaheri alisema hata yeye alilisikia. Mwenyekiti pia alilisikia. Mama Apiyo alisema huenda alilisikia lakini alilisahau, na ndiyo maana aliazima daftari.

Mwenyekiti alimtaka Katibu aeleze mstari wa samli ulikwenda wapi. Katibu alieleza kwamba karatasi ilikuwa imekwisha. Mwenyekiti alifunua ukurasa na kuonyesha kwamba chini ya neno "walionja" kulikuwa na nafasi ya mistari kumi na minne.

Katibu alieleza kwamba mstari wa samli umo ndani ya "mambo mengine".

Aliulizwa tena alikuwa akifanya nini Moza alipokuwa akisema hayo mambo mengine. Katibu alijibu kwamba aliweka kalamu chini akatazama dirishani. Alipoulizwa sababu alisema ni wivu. Mwenyekiti aliuliza kama neno hilo liingie kwenye daftari. Katibu alisema liingie.

KUMB. NA. 4/7/61: HOJA YA KUMWONDOA KATIBU

Mama Apiyo alitoa hoja kwamba Katibu avuliwe kazi leo hii na daftari apewe Moza, ambaye naye anajua kusoma na kuandika.

Iandikwe kwamba Katibu ameshika daftari hili tangu chama kilipoanza, miaka sita. Chuma kilikwenda kwa Moza. Kikao kilichopita meza ya Uhuru nayo ilikwenda kwa Moza, na maandazi ya Katibu yakawekwa pembeni. Kilichokuwa kimebaki ni daftari. Katibu aliyaandika haya kwa haraka, na wajumbe wausamehe mwandiko wa aya hii.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono. Katibu hakuruhusiwa kupiga kura katika jambo lake mwenyewe. Mama Apiyo aliunga mkono hoja. Bi Mwanaheri aliipinga, akisema mwandiko wa Katibu unasomeka hata na mtu asiye na miwani. Mwenyekiti alisema yeye hupiga kura pale tu zinapolingana. Ikabaki kura ya Moza.

Moza aliomba kusema kwanza. Alisema: "Mimi sina neno na dada yangu. Ila siku ile nilisema jambo jingine baada ya samli, na naona nalo halimo. Nilisema kule kwa Bibi wafli zililiwa na jamu tu. Aliyekuwa anachukua jibini lililobaki, anatia kitunguu cha kukaanga na pilipili manga, anamwagia asali ya Misungwi, anakula amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, ni Dada Getruda. Mimi nilimwona, nikaiga. Chuma ni changu. Utamu ni wake. Nilisema hapa hapa, mbele ya watu wote."

Katibu aliwauliza wajumbe kama ni kweli maneno hayo yalisemwa. Bi Mwanaheri alisema ni kweli, na kwamba walipiga makofi. Katibu alikumbuka kusikia makofi. Alidhani ni ya Moza.

Moza hakunyoosha mkono. Kura zikawa zimelingana, Mwenyekiti akapiga yake kupinga, na hoja ikaanguka. Mama Apiyo alisema yeye bado ana hasira, lakini hasira zake ni za chuma, si za mtu.

KUMB. NA. 5/7/61: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba kumbukumbu za kikao cha sita zisahihishwe kwa kuongeza: "Chuma kipakwe samli pande zote mbili kabla ya kila mkate. Kitunguu, pilipili manga na asali viongezwe, kama alivyokuwa akifanya Getruda Josephat."

Iliazimiwa pia kwamba Katibu na Moza watasimama pamoja kwenye meza ya Uhuru, mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye asali, na kwamba Jumapili ijayo wote wawili watapika nyumbani kwa Mama Apiyo, ambaye atatuma ujumbe Shirati kuwaita tena wageni wake.

Maneno "mambo mengine" yasitumike tena katika daftari hili.

KUMB. NA. 6/7/61: KUONJA

Moza aliwasha jiko, akapaka samli wajumbe wakitazama, akapika. Mikate ilitoka mizima. Mwenyekiti alisema amekumbuka kwamba kikao kilichopita Katibu ndiye pekee ambaye hakuonja, ingawa aliandika "wajumbe walionja". Alimwagiza aonje sasa na aandike ukweli.

Katibu alionja. Jibini lilikuwa na chumvi, asali ikaja nyuma yake, kitunguu kikafuata. Ni kile kile alichokuwa akila nyuma ya mlango, isipokuwa leo alikila ameketi.

Ni kitamu. Moza anakipika vizuri kuliko Katibu.

KUMB. NA. 7/7/61: KUFUNGA

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe na kufunga kikao saa kumi na moja jioni. Doa lililo chini ya ukurasa huu ni asali. Limetoka kwenye kidole cha Katibu.

Sihaba Yunus                    Getruda Josephat
MWENYEKITI                    KATIBU