Mstari wa Chini Uliokatwa na Printa

Baba Kevo mpenzi,

Leo nimeitukana printa ya dada yako mpaka Kevo akatoka jikoni kuuliza nagombana na nani. Nikamwambia nagombana na baba yake. Akarudi jikoni, maana amezoea.

Unakumbuka ilivyofika? Dada yako aliibeba kutoka Amerika ndani ya blanketi, nawe ukahangaika mjini kuitafutia transfoma ndipo ikubali stima ya kwetu. Ukaiweka juu ya meza ya kulia, na tangu hapo tukawa tunakula sahani zikiwa magotini. Mashine nzuri, sitasema uongo. Lakini ilikuwa na kichwa kigumu kama wewe mwenyewe. Iliamini karatasi zote duniani ni zile fupi za Amerika, zile wanazoziita Letter, na sisi tulikuwa tunailisha A4. Ikikaribia mwisho wa ukurasa inadhani karatasi imeisha, inaacha kuandika, na mstari wa chini unapotea.

Dawa uliijua. Kila ukifungua kazi ulichagua A4 kwanza, ndipo unachapisha. Lakini ulitibu kazi moja moja, printa yenyewe hukuigusa, kwa hivyo stima ikipotea kidogo tu, inarudia Letter yake. Nikikuambia uingie kwenye mipangilio yake umalize maneno, unanicheka. "Mama Kevo, si inachapisha? Hii ni kama bibi, lazima uibembeleze kila asubuhi." Siku hiyo nilikurushia mwiko, ukaudaka, ukaendelea kucheka.

Januari ikaja, kura zikaleta vita, tukawa tunaamka na moshi. Vijana walipita mchana kweupe na mapanga, wakigonga mageti na kudai vitambulisho ili wasome majina. Makabila sitayataja hapa, ulichukia sana nikiyataja. Katikati ya hayo jirani yetu Mzee Zakayo akafa kitandani mwake kwa presha, na watu wakasema huyo ana bahati. Alikuwa azikwe kwao Dundori. Binti yake Esta akatuletea kazi ya programu ya mazishi, majina ya familia yakiwa yamepangwa kama ilivyo desturi: mjane, watoto, wajukuu, na mwisho kabisa mkwe, Dani, mume wa Esta. Jina la ukoo la Dani ukilisikia tu unajua ametoka upande ule mwingine. Na ndiye aliyemwogesha mzee mpaka siku aliyokata roho.

Ulichapisha moja ya kuonja, ikatoka sawa. Stima ikapotea. Iliporudi kafyu ilikuwa inakaribia, ukazichapisha zote mbio mbio, tukazikunja, hatukusoma.

Kesho yake pale Dundori msomaji alisimama kando ya jeneza akaita majina. Akafika kwa wajukuu, akageuza ukurasa. Esta akainuka. "Na Dani?" Msomaji akatazama karatasi, akatikisa kichwa. Kwetu asiyesomwa si wa nyumba hiyo, hata mchanga hatupi kaburini. Hapo ndipo Sammy, mpwa wa marehemu, alipoongea. "Si mmesikia? Hata familia imemtoa. Sasa tunangoja nini?"

Yeye na vijana wenzake walimshika Dani shati. Wewe, mtu wa kuogopa hata jogoo, ukajitosa katikati yao na karatasi umeiinua juu.

"Jamani, ni saizi ya karatasi! Jina liko kwa kompyuta, printa ndio imekata!"

Mmoja akauliza, "Kwani hiyo printa ni kabila gani?" Wakacheka wote, nami nikadhani kicheko kitawapoza.

"Mzee, toka kando," Sammy akakuambia.

Hukutoka. Ulimkumbatia Dani ukampa Sammy mgongo. Panga la kwanza lilikupata shingoni, la pili likashukia mkono uliokuwa na karatasi. Nilirukia kundi lile, nikauma sikio la mtu mpaka damu ikajaa mdomoni. Sijui lilikuwa la nani na sijutii. Dani alikimbia akapotelea kwenye shamba la viazi, akapona. Wewe hukufika hospitali. Ulinifia kwenye magunia, nyuma ya pikapu, kichwa chako mapajani mwangu.

Nina hasira nawe. Siku nyingine nakukasirikia kuliko ninavyomkasirikia aliyekukata. Wiki tuliyokuzika niliingia kwenye mipangilio ya printa, nikaweka A4 iwe ndiyo karatasi yake ya kila siku, nikahifadhi. Chai niliyokuwa nimemimina ilikuwa bado moto nilipomaliza. Nilipiga ile mashine ngumi mpaka vidole vikavimba. Kitanda ni kikubwa mno, Baba Kevo, na mimi sijazoea.

Sammy yuko, anatembea. Wale wote waliokuwepo wanasema hawakuona kitu. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu, mwingine alikuwa anaomba.

Basi mama yake Sammy amefariki, na binti yake akaniletea programu niichapishe, kwa kuwa mwenye printa hapa karibu ni mimi tu. Hakuthubutu kuniangalia usoni. Sammy ni kitinda mimba, kwa hivyo jina lake lilikaa mstari wa chini kabisa wa ukurasa. Unajua mkono wangu ulienda wapi. Ulienda moja kwa moja kwenye Letter. Ningebonyeza mara moja tu, naye asingekuwa mtoto wa yeyote.

Nikaiacha A4. Usijidanganye huko uliko kwamba nimesamehe. Mtu akifutwa, nani atamtafuta tena? Nililichapisha jina lake lote, la ubatizo mpaka la ukoo, nikakagua kila nakala.

Jumamosi nikazipeleka Dundori mwenyewe, nikakaa mbele. Msomaji akaita watoto wa marehemu, mmoja baada ya mwingine, akafika mstari wa chini, akalitamka. Wale wasioona kitu wakageuka. Walinitazama mimi kwanza, kisha wakamtazama yeye, na hakuna aliyeondoa macho. Sammy aliinuka akaenda zake kabla mama yake hajateremshwa kaburini.

Wewe lala salama, mume wangu. Mimi bado niko macho.

Mama Kevo wako