Jaribio la Kumi na Saba

Huruma, Nairobi
9 Agosti 1999

Kwako Ndunge,

Wewe umesoma kuliko sisi wote na bado unapanga vitu ovyo. Hilo nilitaka ulipate kabla ya salamu. Sasa salamu: mimi nyanya yako sijambo, ni goti tu. Natumaini baridi ya Eldoret haijakumaliza na kazi mpya inaenda.

Ni ule ukurasa wa intaneti uliouandikia chama chetu cha wachongaji kwa ile lugha yenu ya kompyuta, Perl. Ulituachia majaribio sitini na tatu, ya kuangalia kama kila kipande cha programu kinafanya kazi, yote kwa faili moja, hayana majina, namba tu. Mimi nikikagua vinyago nagonga kimoja kimoja nisikie ufa, na twiga wana kapu lao, ndovu wana lao. Hata Mativo, uliyemwachia kompyuta, alisema ungekipa kila kipande faili yake ya majaribio angejua pa kushika.

Mwezi wa sita alirekebisha fomu ya oda, kompyuta ikaandika kwamba jaribio la kumi na saba limeanguka. Ni la nini, haikusema. Alitafuta siku mbili. Kisha ikaja oda kutoka Ujerumani: ndovu wanne. Kivuva akawafunga, wakaenda. Sasa Mjerumani anauliza arobaini wake wako wapi.

Mwenyekiti anasema Kivuva alisoma vibaya. Karatasi ya oda Kivuva aliwashia jiko, hana cha kuonyesha. Miaka ishirini anafunga mizigo, na Jumapili kamati inamtoa. Nilipompelekea chai aliniambia labda macho yake yamezeeka.

Macho yake ni mazima. Jana Mativo aliandika ndovu arobaini kwa fomu, wakatoka wanne. Sifuri inamezwa, na kumi na saba ndilo lililokuwa la kuangalia hiyo. Aliyeamuru lifutwe, Ndunge, ni mimi. Nilimwambia Mativo aondoe hicho kitu kinacholalamika, watu wanangoja kazi. Sijamwambia mtu mwingine.

Wasalimie unaoishi nao. Njoo Jumamosi. Rudisha lile jaribio kwanza, uandike jina langu juu yake lisiguswe tena, ndipo ugawe mengine. Halafu unichapishie karatasi inayoonyesha arobaini ikiingia na nne ikitoka, niisome mwenyewe mbele ya kamati, Kivuva akiwa ameketi.

Susu wako,
Nthoki